Samaki Klauni Akiugua: Kutambua Ugonjwa na Kumtibu Bila Kuua Matumbawe

Kabla hujafungua chupa yoyote ya dawa, simama mbele ya tangi dakika 5 ukiwa na saa mkononi. Mtazame klauni akiwa ametulia, hajalishwa wala hajafukuzwa na mwenzake, kisha hesabu vifuniko vya matamvua vinafunguka mara ngapi kwa dakika moja. Klauni mzima unamhesabu bila kukazana. Akipita 100 kwa dakika huku ametulia, ana shida ya maji au shida ya matamvua, na muda ulio nao ni wa saa, si wa wiki.

Hesabu hiyo tunaitanguliza kwa sababu klauni wengi hawauawi na ugonjwa wenyewe. Wanauawa na siku mbili zilizopotea: mwenye tangi ameona kitu cheupe mwilini, ameamini ni ugonjwa wa madoa meupe, amemwaga dawa isiyohusika na kungoja. Weupe wa aina tatu tofauti humpata samaki huyu. Aina moja humpa mtu nafasi ya kupanga matibabu kwa utulivu, mbili zinaweza kumaliza tangi zima kati ya leo na kesho kutwa.

Anza na maji

Pima amonia, nitriti, pH, chumvi na joto, kwa mpangilio huo. Amonia na nitriti ziwe sifuri. pH iwe kati ya 8.1 na 8.4. Chumvi isome 1.025 hadi 1.026 kwenye refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), yaani gramu 33 hadi 35 hivi kwa kila kilo ya maji, na joto liwe nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Refraktomita isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha chumvi ya 35. Ukiisawazisha kwa maji matupu, hitilafu hujificha kwenye sifuri na kujitokeza pale juu unaposomea.

Kuna ishara moja inayotenganisha maji na ugonjwa haraka kuliko kipimo chochote. Samaki wote wakianza kuhema kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, shuku maji au oksijeni: pampu imezimika, konokono ameoza nyuma ya jiwe, hita imekwama na maji yamefika nyuzi 30. Badilisha maji asilimia 30 hadi 50 kwa maji ya joto na chumvi ileile, elekeza pampu ipasue uso wa maji, kisha uangalie baada ya saa moja. Lakini akihema klauni peke yake na wengine wametulia, maji si mshtakiwa wa kwanza.

Yanayotisha bila kuwa ugonjwa

Klauni hulala vibaya. Usiku unaweza kumkuta ameegemea kioo kwa ubavu, au anaelea kichwa juu kwenye kona, na asubuhi yuko sawa kabisa. Mdogo akitetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, kama aliyeshikwa na degedege, anasalimu amri tu; klauni wote huanza wakiwa madume, mkubwa wao ndiye anayegeuka jike na kutawala, na mtetemo huo ni heshima anayopewa. Mapezi yaliyochanika kingo bila weupe wala wekundu mara nyingi ni kazi ya jike huyohuyo.

Madoa meusi yanayojitokeza ghafla ubavuni, hasa kwa klauni aliyeanza kulala ndani ya anemoni mpya (mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma) au matumbawe yenye minyiri mirefu, hutokana na kuchomwachomwa na minyiri hiyo. Hayana dawa na hayahitaji. Hufifia yenyewe ngozi ikizoea.

Tochi na kioo

Zima taa za tangi. Ngoja chumba kiwe giza, kisha washa tochi ndogo ukiielekeza ubavuni mwa samaki, mwanga upite juu ya ngozi badala ya kuigonga moja kwa moja. Usimulike kutoka mbele, kwa sababu mwanga wa mbele unarudishwa na magamba na kuficha kile unachokitafuta. Ukiwa na kioo cha kukuzia, vizuri zaidi.

Ukiona utando mzito wa ute, mweupe wa kijivu, usio na umbo la doa, ulioanzia kichwani au karibu na matamvua na kuenea kuelekea mkia, huyo ni Brooklynella hostilis, kimelea kinachojulikana sana kwa kuwaandama klauni. Tazama kingo za utando: zinainuka na kupepea majini kama ngozi inayobambuka, na chini yake rangi ya chungwa imepauka. Samaki hali, anahema, anasimama mbele ya mkondo wa pampu au juu kabisa ya maji. Klauni waliovuliwa baharini ndio huja nacho mara nyingi, na huonekana ndani ya siku chache za kwanza. Kutoka utando wa kwanza mpaka kifo zinaweza kupita saa 24 hadi 72.

Ukiona vumbi laini, jingi kiasi kwamba huwezi kulihesabu, lenye rangi ya dhahabu iliyofifia au kijivu, kama vile samaki amenyunyiziwa unga, huo ni ugonjwa wa mahameli, unaoletwa na kimelea Amyloodinium ocellatum. Shida yake ni kwamba hushambulia matamvua kwanza. Wapo samaki wanaokufa kabla vumbi halijaonekana kwenye ngozi. Kwa hiyo klauni anayehema sana, aliyeacha kula tangu jana, anayekimbia mwanga au kujibanza kwenye mkondo wa pampu, mchukulie kuwa na mahameli hata kama ngozi yake ni safi.

Na ukiona madoa yanayohesabika, kila moja limejitenga na kuinuka kidogo, ukubwa wa punje ya chumvi, yakiwa zaidi kwenye mapezi na mkia, huo ndio ugonjwa wa madoa meupe wa maji chumvi, Cryptocaryon irritans. Samaki hujikwaruza kwenye mawe lakini bado anakula. Madoa haya hutoweka yote baada ya siku chache, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, hudondoka, hujifunga kwenye kifuko juu ya mchanga au jiwe, hugawanyika humo ndani, kisha hutoka vimelea vichanga vingi vinavyotafuta samaki. Kutoweka kwa madoa ni hatua ya kuzaliana. Si kupona.

Vidokezo vingine ni vya haraka. Macho yenye ukungu pamoja na kujikwaruza, bila madoa, humaanisha minyoo bapa ya ngozi. Vinundu vyeupe kama koliflawa kwenye kingo za mapezi ni limfosisti, ugonjwa wa virusi usio na dawa, nao huondoka wenyewe baada ya wiki au miezi samaki akila vizuri na kukaa bila bughudha. Kinyesi cheupe, chembamba kama uzi, pamoja na tumbo kubonyea ilhali anakula, ni vimelea vya utumbo. Jicho moja lililotokeza ni jeraha mara nyingi; yakitokeza yote mawili, fikiria bakteria.

Usiweke dawa kwenye tangi la matumbawe

Dawa zinazofanya kazi kweli kwa vimelea hivi huua pia kamba, konokono, anemoni na matumbawe. Shaba ni mbaya zaidi, maana mawe na mchanga wa chokaa huinyonya na kuiachia kidogokidogo baadaye, na tangi linaweza kushindwa kulea matumbawe muda mrefu. Chupa zinazodai kutibu bila kudhuru matumbawe tunazikataa wazi. Kitu kisichomdhuru kamba kwa kawaida hakimdhuru vya kutosha kimelea pia. Kitunguu saumu kinaweza kumfanya samaki ale. Hakiui kimelea chochote.

Kwa hiyo samaki wote, pamoja na wanaoonekana wazima, hutolewa na kutibiwa nje. Ukimtoa klauni peke yake na kuwaacha wengine, kimelea kinabaki na nyumba yake.

Tangi la matibabu

Lita 40 zinatosha klauni wawili. Vioo vitupu, bila mchanga, bila jiwe. Unahitaji hita, kipimajoto, pampu ya hewa yenye jiwe la hewa, kichujio cha sponji, na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki la kujifichia. Ondoa mkaa wa kuchujia na uzime taa ya mionzi ya urujuanimno (UV), vyote viwili huharibu au kunyonya dawa. Funika juu, klauni huruka.

Sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye sampu (chombo cha vichujio) ya tangi kuu ina bakteria wanaokula amonia, na ndiyo itakayookoa samaki wako. Haina ubaya kama unatibu kwa shaba, kwani kimelea chochote kilichojificha humo kitatoka na kukutana na dawa. Kwa njia ya kuhamisha tangi tutakayoieleza chini, usiitumie kabisa.

Amonia ndiyo inayoua samaki wengi kwenye tangi hili, si ugonjwa. Pima kila siku. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi ya maji, na maji mapya yawe yametiwa dawa kwa kiwango kilekile kabla hayajaingia. Onyo moja hapa: vimiminika vya kufunga amonia visichanganywe na shaba. Hubadilisha hali ya shaba na kuifanya sumu kali kwa samaki ghafla.

Mlishe kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kamba wadogo wa misisi au artemia waliogandishwa, na nyonya mabaki baada ya dakika 5.

Brooklynella: formalini, leo hiihii

Kimelea hiki hakina kifuko cha kujifichia. Kimoja hugawanyika kuwa viwili hapohapo kwenye ngozi, ndiyo maana huongezeka kwa kasi ya kutisha, na ndiyo maana pia bafu zuri la dawa humwondolea samaki mzigo mkubwa ndani ya saa moja. Shaba haikitibu. Kupunguza chumvi pia hakutoshi.

Tumia formalini yenye formaldehaidi asilimia 37. Angalia chupa kwanza: ikiwa na mashapo meupe chini, itupe, hayo ni sumu kali zaidi kwa samaki na hutokea dawa ikikaa kwenye baridi. Formalini husababisha saratani na huchoma macho na koo. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiiweke chumba wanachocheza watoto.

1. Jaza chombo cha plastiki safi lita 10 za maji chumvi mapya, joto na chumvi sawasawa na anakotoka samaki. Weka jiwe la hewa na uliache litoe viputo kwa nguvu nusu saa nzima. Formalini hula oksijeni, na samaki huyu tayari anakosa pumzi.

2. Vuta mililita 1.5 za formalini kwa bomba la sindano, zimimine karibu na jiwe la hewa, koroga. Hicho ni kiwango cha sehemu 150 kwa milioni. Kwenye maji ya nyuzi 26 usipandishe zaidi ya hapo, kwa kuwa joto huongeza ukali wa dawa na kupunguza oksijeni kwa wakati mmoja.

3. Mweke samaki dakika 30 hadi 45. Usiondoke. Utaona vipande vya ute vikimtoka na kuelea, hilo linatarajiwa. Akilala ubavu bila kujirekebisha, akirukaruka kwa fujo au kuhemea juu ya maji, mtoe hata kama ni dakika ya 10.

4. Mhamishie kwenye tangi la matibabu safi kabisa, wala si lile alilotoka. Kumrudisha kwenye maji ya awali ni kumrudisha kwa vimelea vilevile. Maji ya bafu yatupwe, yasirudi kwenye tangi lolote.

5. Rudia baada ya siku moja ya kupumzika, jumla mara tatu. Kila mara maji mapya, dawa mpya, na tangi lililooshwa na kukauka.

Kama formalini haipatikani usiku huo, bafu la maji matamu linamnunulia muda. Chukua maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, yapashe mpaka joto lilingane, pandisha pH kwa bikaboneti ya soda kidogokidogo mpaka ifike karibu na ya tangi, tia hewa, kisha mchovye dakika 5. Sekunde za mwanzo anaweza kulala ubavu kwa mshtuko na kisha kutulia. Akiacha kupumua, mtoe. Ute mwingi utabambuka na matamvua yatapata nafuu, lakini vimelea vingine vitabaki, kwa hiyo formalini bado inahitajika kesho.

Baada ya vimelea kufa, ngozi iliyobaki ni kidonda kilicho wazi. Wekundu au pamba nyeupe ikitokea siku ya tatu au ya nne, bakteria wameingia, na hapo antibiotiki sahihi ichaguliwe na daktari wa wanyama anayejua samaki. Kubahatisha antibiotiki huua kwanza bakteria wa sponji yako, amonia ikapanda, na samaki akafa kwa sababu ya tatu.

Mahameli: punguza mzigo, kisha shaba

Hatua ya kwanza ni kuondoa vimelea kwenye matamvua kadiri iwezekanavyo. Bafu la maji matamu la dakika 5 kama lilivyoelezwa juu hufaa. Njia nyingine ni peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3: mililita 25 kwa lita 10 za maji chumvi, ambayo ni miligramu 75 kwa lita, kwa dakika 30, jiwe la hewa likifanya kazi. Kisha samaki aende moja kwa moja kwenye maji yenye shaba.

Nambari ya shaba inategemea aina ya dawa uliyonunua, na hapa ndipo watu huua samaki kwa kusoma nambari ya dawa nyingine. Shaba iliyofungwa, ile inayodumu majini, hufanya kazi kwenye miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Shaba huru, yaani mrututu ulioyeyushwa, hufanya kazi kwenye 0.15 hadi 0.20 tu. Ukimweka samaki kwenye miligramu 2 za shaba huru, umemuua. Kipimo chako pia lazima kiweze kusoma aina uliyo nayo. Vipimo vya kulinganisha rangi kwa jicho vinakosea sana kwenye kiwango kidogo, kipimo cha kidijitali kinalipa gharama yake.

Mwenye mrututu safi wa maabara anaweza kutengeneza mchanganyiko mama: gramu 4 za fuwele kwenye lita 1 ya maji yaliyochujwa. Kila mililita 1 itabeba takriban miligramu 1 ya shaba, kwa kuwa robo ya uzito wa fuwele hizo ndiyo shaba yenyewe. Tangi la lita 40 linahitaji mililita 8 kufika 0.20. Tia 4 leo asubuhi, 2 jioni, 2 kesho asubuhi, ukipima kila baada ya kutia. Shaba huru hushuka yenyewe, hivyo pima mara mbili kwa siku. Mrututu wa shambani usitumie, hujui umechanganywa na nini.

Shaba haimuui mahameli akiwa juu ya samaki wala ndani ya kifuko. Inamuua anapotoka kifukoni akiogelea kutafuta samaki. Ndiyo maana saa inaanza kuhesabiwa siku kiwango kinapofika, na kikishuka hata siku moja unaanza upya. Siku 14 kamili, kisha samaki ahamishiwe kwenye tangi lingine safi lisilo na kimelea. Kama huna tangi la pili, endelea mpaka siku ya 30.

Klorokwini fosfeti ni mbadala mzuri kwa klauni asiyestahimili shaba. Miligramu 15 kwa lita, yaani 600 kwa lita 40, unga safi, wala si vidonge. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuipima, mwanga huiharibu, na bakteria wa kichujio huweza kuila, kwa hiyo weka tangi gizani na kila lita mpya ya maji iingie ikiwa na kiasi hichohicho. Kupunguza chumvi kwa mahameli ni kupoteza wakati. Kimelea hiki huishi kwenye maji yenye chumvi kidogo sana.

Angalia pia matone. Jiwe la hewa linaporusha vitone, mahameli husafiri navyo mpaka tangi la jirani. Tangi la wagonjwa lifunikwe na likae mbali, wavu wake uwe wake peke yake, na mikono ikauke kabla ya kugusa lingine.

Madoa meupe: njia tatu

Hapa una nafasi ya kuchagua.

Shaba hufanya kazi kama ilivyoelezwa, kwa muda uleule na masharti yaleyale.

Kupunguza chumvi kunahitaji uvumilivu na refraktomita isiyokosea. Shusha kutoka 1.025 mpaka 1.009 kwa siku mbili, ukitoa maji na kurudisha matamu kidogokidogo. Ukitoa lita 10 kati ya 40 na kuweka maji matupu, chumvi ya 35 inashuka hadi 26 hivi, kwa hiyo mara nne kwa saa 48 zinakufikisha chini vya kutosha. Ya mwisho iwe ndogo ili usipitilize. Kaa 1.009 siku 30 tangu doa la mwisho kutoweka. Ikisoma 1.011 kwa sababu maji yamevukiza, matibabu yameshindwa bila wewe kujua. pH hushuka pia, kwa kuwa umepunguza kila kitu kilichomo majini, hivyo ipime kila siku na uirekebishe kwa bikaboneti. Kupandisha chumvi ndiko kunakomwumiza samaki: 0.002 kwa siku, si zaidi.

Njia tunayoipenda kwa klauni ni ya kuhamisha tangi, kwa sababu haina dawa kabisa na samaki huyu huistahimili vizuri. Kimelea kikidondoka huhitaji angalau siku 3 kwenye kifuko kabla hakijaachia vimelea vichanga. Ukimtoa samaki kabla ya hapo, unaviacha vyote nyuma. Andaa seti mbili za vyombo vya lita 20 hadi 40, kila seti na hita yake, jiwe lake la hewa na bomba lake. Siku ya 1 samaki anaingia seti ya kwanza. Siku ya 4 anahamia ya pili, siku ya 7 anarudi ya kwanza, siku ya 10 ya pili, siku ya 13 anaingia tangi lingine safi lisilo na kimelea. Zisipite saa 72 kati ya uhamisho na uhamisho. Beba samaki na maji machache iwezekanavyo. Seti iliyotoka ioshwe, ikaushwe mpaka iwe kavu kabisa, sponji haitumiki, amonia unaidhibiti kwa kulisha kidogo na kwa maji mapya ya kila uhamisho. Kwa kuwa hakuna shaba, kimiminika cha kufunga amonia hapa kinaruhusiwa.

Njia hii haifai kwa Brooklynella, kinachozaliana juu ya samaki na kusafiri naye, wala usiitegemee kwa mahameli.

Minyoo na tumbo

Minyoo bapa hujionyesha kwenye bafu la maji matamu: inageuka myeupe na kudondoka chini kama magamba madogo. Baada ya hapo tia prazikwanteli miligramu 2.5 kwa lita, 100 kwa lita 40. Unga wake hauyeyuki majini vizuri, uloweke kwanza kwenye kijiko cha pombe kali isiyo na ladha. Dawa haivunji mayai, kwa hiyo rudia siku ya 7. Ongeza hewa, kwa kuwa bakteria huchanua na kula oksijeni.

Kwa vimelea vya utumbo dawa inafanya kazi ndani ya chakula. Metronidazo miligramu 250 kwa gramu 25 za chakula kilichoyeyuka, funga kwa jelatini isiyo na ladha, gandisha vipande vidogo, lisha siku 5 mfululizo. Klauni aliyekwisha kuacha kula hafaidiki, hivyo usingoje mpaka mgongo utokeze.

Tangi kuu na kurudi nyumbani

Wakati samaki wanatibiwa, tangi kuu likae bila samaki hata mmoja siku 76. Vifuko vya Cryptocaryon vimewahi kukaa mpaka siku 72 kabla ya kutoa vimelea, na muda huo unawatosha mahameli na Brooklynella pia. Joto la nyuzi 27 huharakisha mzunguko wao. Matumbawe, kamba na konokono wanaendelea kuishi na kulishwa kama kawaida, maana vimelea hivi haviwezi kuzaliana juu yao. Ila usiingize jiwe, tumbawe wala konokono mpya kutoka tangi lenye samaki katika kipindi hicho, kwani kifuko kinaweza kuja kimeshikamana na gamba, na hesabu inaanza siku ya kwanza.

Siku ya kurudi, ondoa shaba kwa mkaa mpya na mabadiliko ya maji mpaka isome sifuri, linganisha chumvi na joto, na muache samaki aingie bila maji yake. Kama tangi lina anemoni, usimsukume. Klauni aliyekaa wiki nyingi mbali nayo hupoteza kinga ya ute wake, na atachomwa kama samaki mwingine yeyote. Utaona anarudi mwenyewe: kwanza anagusa unyiri mmoja kwa ncha ya pezi na kuruka nyuma, halafu kwa mkia, halafu kwa tumbo, anaondoka, anarudi. Inaweza kuchukua dakika chache au siku kadhaa. Katika siku hizo hesabu pumzi zake kila asubuhi kabla ya taa kuwaka.